Seti tatu za aina moja, mabehewa matatu tofauti: mwongozo kamili wa kubadilisha behewa la mizigo la treni ya mfano

Tafuta picha ya treni ya mizigo ya Uingereza iliyopigwa miaka ya 1950, uiache injini kwanza, utazame mabehewa. Moja lina ubavu wa mbao zilizopangwa, la pili ni plaiwudi tupu. La tatu lina kiraka kwenye kona na rangi yake imepauka hadi kukaribia waridi. La nne ni jipya, maandishi yake bado meupe. Yote ni mabehewa yenye paa, ya kubeba tani 12, yote yamebeba mizigo ya aina moja, na bado kila moja lina sura yake.

Treni yangu ya kwanza ya mizigo ilikuwa na mabehewa matano ya seti ya aina moja, yaani vipande vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe. Niliyaunganisha kwa uangalifu, nikayapaka rangi kutoka kopo moja, nikayafunga nyuma ya injini. Yalikaa pale kama shanga zilizotungwa uzi mmoja. Tangu siku hiyo sijaunganisha seti mbili kwa namna moja, na mwongozo huu ni wa njia ninayoifuata: seti tatu zinazofanana, mabehewa matatu yanayotofautiana, na kila tofauti ina sababu iliyotokea kwenye reli halisi.

Hilo la sababu ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kabla ya kubadilisha kitu jiulize: behewa halisi lilibadilishwaje hivi, lini, na kwa nini? Tofauti ya kubuni tu hujitenga na treni nzima, hata kama mtazamaji hawezi kueleza kinachomkera.

Chagua mwaka, kisha picha

Natumia mfano wa Uingereza kwa sababu seti zake za plastiki ni nyingi na historia ya mabehewa yake imeandikwa vizuri. Tarehe 1 Januari 1948 kampuni kubwa nne za reli, yaani GWR, LMS, LNER na SR, ziliingizwa chini ya serikali zikawa British Railways, kwa kifupi BR. Shirika hilo jipya lilirithi zaidi ya mabehewa milioni moja ya mizigo, mengi yakiwa ya wenye migodi ya makaa. Karakana za zamani ziliendelea kwa muda kujenga miundo zilizoizoea, kisha BR ikatoa behewa lake la kawaida la tani 12. Ndiyo maana treni moja ya mwaka 1955 ingeweza kubeba kazi ya watu watano waliowahi kuchora behewa lile lile kwa mawazo tofauti.

Behewa la BR lina kiwiliwili cha futi 17 na inchi 6, na umbali wa futi 10 kati ya ekseli mbili. Katika skeli ya OO, ambayo ni milimita 4 kwa kila futi moja, hiyo ni milimita 70 na milimita 40. Reli yenyewe ina upana wa milimita 16.5. Seti za Parkside na Ratio, ambazo siku hizi zote ziko chini ya Peco, ni mahali pazuri pa kuanzia: vipande vimechongwa vizuri, na mara nyingi hubaki vya akiba.

Amua mwaka wa treni yako. Mimi nimechagua 1962. Mwaka huo unaniruhusu kuweka behewa lililochakaa la mwaka 1950 karibu na lililotoka karakana wiki iliyopita. Halafu tafuta picha tatu na uzisome kwa mpangilio huu: ubavu, ncha, mlango, breki, bafa (vile vizuizi vya kwenye ncha vinavyopokea mgongano), maandishi. Paa huwa halionekani kwenye picha nyingi, kwa hiyo ukiipata iliyopigwa kutoka juu ya daraja, itunze.

Vifaa, na tatizo la posta

Unahitaji kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, skwea ndogo, kibano, tupa laini, msasa wa namba 400 na 800, na keekee ya mkono yenye ncha za milimita 0.5 hadi 3. Nunua karatasi za plastiki aina ya polistireni zenye unene wa milimita 0.13, 0.25 na 0.5, pamoja na vijiti vyembamba vya plastiki hiyo hiyo. Unene huo nautaja kwa makusudi. Katika skeli hii milimita 0.13 ni karibu sentimita moja ya behewa halisi, na 0.25 ni karibu sentimita mbili. Kipande kinachoonekana chembamba mkononi kinaweza kuwa ubao mnene ukikipigia hesabu.

Gundi sahihi ni kiyeyusho, kimiminika kinacholainisha nyuso mbili za plastiki hadi zikashikana na kuwa kitu kimoja. Butanoni ndiyo inayotumika sana. Kwa sisi tulioko Afrika Mashariki hapa ndipo penye shida: seti itafika kwa posta, lakini kiyeyusho na rangi za mafuta hazipandi ndege kwa sababu zinawaka moto. Ulizia butanoni kwa wauzaji wa kemikali za maabara au za viwanda. Asetoni nayo hushika, ila hukauka haraka mno na huacha uso wa plastiki na nyufa ndogondogo, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye fremu iliyoshikilia vipande. Ile ya kuondolea rangi ya kucha iache kabisa, maana mara nyingi huchanganywa na mafuta na manukato. Rangi za maji kama Vallejo hazina tatizo la safari.

Fungua madirisha. Mvuke wa butanoni huumiza kichwa na hauna urafiki na moto wa jiko.

Kabla ya kukata chochote

Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kiwandani, viache vikauke. Vipange bila gundi, uone kipi kinaingia wapi. Kisha unganisha kuta nne juu ya kioo au kigae kilichonyooka, ukitumia skwea kila kona. Seti zote tatu zinafika hapa kwa njia moja, isipokuwa ile ya tatu, ambayo ubavu wake mmoja lazima ukatwe kabla haujasimamishwa.

Chasisi ndiyo inayoamua kama behewa litatembea. Toboa vishikio vya ekseli kwa ncha ya milimita 2, ingiza beringi za shaba, halafu gundisha upande mmoja. Weka magurudumu na upande wa pili, uishushe chasisi juu ya kioo kabla gundi haijakaza, na uibonyeze kidogo mpaka magurudumu yote manne yaguse. Nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja iwe milimita 14.5. Behewa likitikisika kwenye kioo sasa, litaanguka kwenye njia panda baadaye.

Behewa la kwanza: ubavu wenye viraka vya plaiwudi

Mbao huoza kuanzia chini, mahali maji yanapotuama, na karibu na mlango, mahali mizigo inapogonga. Fundi wa karakana akiwa na plaiwudi mkononi hakuwa na sababu ya kutafuta mbao nyembamba za kupanga moja moja. Alikata kipande kimoja kikubwa akaziba. Tafuta kiraka chako sehemu hizo mbili. Kiraka katikati ya ubavu, juu, pasipo na maji wala mgongano, hakina habari ya kusimulia.

Chagua eneo moja lililo kati ya mkanda wa chuma na nguzo ya mlango. Lipime kwa kipande cha karatasi: kibonyeze kwenye kingo kwa ukucha, kikate, ukijaribu, urekebishe mpaka kiingie bila kulazimishwa. Kisha tumia karatasi hiyo kama kiolezo cha kukatia plastiki ya milimita 0.13. Wengine huziba mifereo ya mbao kwa puti na kuipiga msasa. Nimejaribu njia zote mbili na naipendelea ya plastiki, kwa sababu puti huacha ukingo wa mviringo pale mbao za zamani zinapokutana na plaiwudi mpya, wakati ukingo ule ndio unaofanya jicho liamini kwamba kitu kilikatwa.

Kabla ya kugundisha, toboa matundu mawili matatu ya milimita 1 kwenye ukuta, nyuma ya mahali kiraka kitakapokaa. Kiyeyusho kikinaswa kati ya tabaka mbili hakina pa kutokea, na baada ya wiki mbili kiraka huvimba kama andazi. Matundu yanaupa mvuke njia ya kwenda ndani. Shika kiraka mahali pake kwa kibano, gusa ukingo kwa brashi yenye kiyeyusho kidogo sana, uache kimiminika kijivute chenyewe chini. Ukitia kingi, plastiki nyembamba hivyo huyeyuka mbele ya macho yako.

Kiraka kikishika, ongeza alama za boliti. Weka tone dogo la gundi nyeupe ya seremala kwa ncha ya sindano pembeni mwa kiraka, ukifuata mistari ya boliti zilizopo kwenye mikanda. Tatu au nne zinatosha.

Kwenye ubavu wa pili fanya kazi kinyume: tafuta ubao mmoja wa chini na uonyeshe kwamba umebadilishwa peke yake. Ukwangue kwa upole ushuke kidogo chini ya wenzake, na uupige mikwaruzo ya msumeno kwa meno ya wembe. Utapakwa rangi yake baadaye. Pande mbili za behewa hazionwi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiligeuza siku nyingine unapata behewa la nne bila gharama.

Behewa la pili: tofauti iko chini

Huyu ni ndugu aliyekaa vizuri juu na kubadilika miguuni. Kwa mbali anafanana na wenzake. Ukiinama ukamtazama kwa usawa wa reli, ndipo unapomjua.

Anza na breki. Behewa la Uingereza lina mpini wa breki ya mkono kila upande, ili mfanyakazi asilazimike kupita katikati ya mabehewa kuitafuta. Mpini huo huwa kuliani unapolitazama behewa ubavuni, na ni hivyo pande zote mbili. Kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye mabehewa ya mfano ni mpini uliowekwa kushoto upande mmoja.

Kuna mabehewa yaliyobeba viatu vinne vya breki na kuna yaliyobeba vinane, viwili kwa kila gurudumu, vikilibana mbele na nyuma. Ukiwa na seti yenye viatu vinne na picha yenye vinane, nunua vipande vya ziada vya plastiki au uvichonge mwenyewe kutoka kwenye kijiti cha milimita 1 kwa 2, ukikizungusha ukingo mmoja kwa tupa ili ufuate gurudumu. Viatu visimame mbele ya uso wa gurudumu wenyewe, si kando yake, na uache nafasi ya nusu milimita. Magurudumu yakizunguka huku yakikwaruza kiatu, behewa litaburutwa.

Silinda ya breki ya vakyumu, ile inayoendeshwa kutoka kwenye injini kwa kunyonya hewa bombani, huning'inia chini ya sakafu, na bomba lake hutokea kwenye boriti ya mbele kila ncha. Bomba nalitengeneza kwa waya wa shaba wa milimita 0.8 kutoka kwenye kebo ya umeme iliyotupwa. Zungushia waya mwembamba kama unywele sehemu ya chini kuonyesha mpira wenye mikunjo, tia tone la supaglu, toboa boriti, ingiza. Waya huvumilia kuguswa. Bomba la plastiki la seti huvunjika siku ya kwanza.

Sasa bafa. Bafa za behewa lisilo na breki za vakyumu zilikuwa na urefu wa futi 1 na inchi 6. Za lenye breki hizo zilikuwa futi 1 na inchi 8 na nusu, kwa sababu mabehewa yale yalifungwa kwa karibu zaidi. Kwetu hizo ni milimita 6 na karibu milimita 6.8. Tofauti ndogo, lakini inaonekana. Kwa mwaka 1962 nimempa ndugu huyu bafa za haidroliki za Oleo, ambazo zina shina nene linalong'aa na hazina springi inayoonekana. Kata bafa za plastiki zikiwa sawa na boriti, toboa katikati kwa uangalifu, ingiza za chuma. Utoboaji wa tundu uanze na ncha ya milimita 0.5, ndipo upanue. Ukianza na ncha nene itateleza na bafa zako zitatazamana kama watu waliogombana. Kimo cha katikati ya bafa juu ya reli ni karibu milimita 14, na umbali kati ya bafa mbili za ncha moja ni karibu milimita 23. Yapime yote mawili, maana bafa zisizolingana na za behewa la jirani ndizo zinazosukumana nje ya reli kwenye kona.

Behewa la tatu: mlango wazi

Hili ni la kusimama kwenye njia ya pembeni, karibu na banda la mizigo. Halisafiri. Treni inayokimbia ikiwa na mlango wazi ingesimamishwa na mtu wa ishara wa kwanza kuiona.

Behewa la BR lina milango miwili ya bawaba inayofunguka nje. Laza ubavu kwenye ubao kabla hujaunganisha kuta. Toboa tundu la milimita 0.5 kila kona ya mlango. Kisha pitisha mgongo wa wembe, si makali yake, kati ya tundu na tundu kwa kufuata rula. Mgongo hukwangua unyuzi wa plastiki badala ya kuisukuma kando, na mstari unabaki umenyooka. Pita mara thelathini, hata arobaini, bila kukandamiza. Mlango utaachia wenyewe. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo haitaki haraka, na mimi huifanya asubuhi mkono ukiwa umetulia.

Milango uliyoitoa ni minene mno kwa mlango ulio wazi. Mlango wenye unene wa milimita 1 na robo ungekuwa karibu sentimita kumi kwenye behewa halisi. Ipige msasa kwa nyuma, juu ya kioo, ukiizungusha kama namba nane, mpaka ifike nusu milimita. Ishikilie kwa kipande cha tepu ya karatasi, kidole kisiumie.

Kingo za ukuta zilizobaki nazo zinaonekana sasa. Zipunguze kwa ndani, kwa kuzikwangua pembeni, ili jicho linalochungulia lione ukuta mwembamba. Kuta za ndani, zile zinazoonekana kupitia mlango, zichore mifereo ya mbao kila milimita 2.2 kwa ncha ya sindano, sakafu vilevile. Usihangaike na ncha zisizoonekana.

Rangi ya ndani iwekwe kabla ya paa. Mbao za ndani hazikupakwa rangi ya nje: changanya hudhurungi hafifu na kijivu, kisha pitisha brashi karibu kavu yenye rangi ya mchanga.

Shehena ndiyo inayoueleza mlango. Gunia la urefu wa sentimita 90 linakuwa milimita 12. Yafinyange kwa puti ya epoksi, moja moja, na uyalaze moja juu ya jingine kabla hayajakauka ili uzito wa la juu ulibonyeze la chini. Magunia yaliyokauka kila moja peke yake kisha yakapangwa hukaa kama mawe. Mabunda ya boksi yakate kutoka kwenye kadi ya kawaida. Usiyajaze yote kama ghala; acha nafasi mlangoni, kwa kuwa kuna mtu aliyekwisha anza kushusha.

Milango igundishe ikiwa imelazwa nyuma kabisa dhidi ya ubavu, au mmoja nyuma na mwingine ukiwa nusu njia. Bawaba zitengeneze kwa waya wa milimita 0.3, zinashika vizuri kuliko plastiki kwa plastiki.

Paa

Watazamaji wa meza ya treni hutazama kutoka juu. Paa ndilo wanaloliona zaidi ya chochote, nami nashangaa linavyosahaulika.

Mapaa mengi ya mabehewa ya zamani yalikuwa mbao zilizofunikwa turubai lililopakwa rangi. Kwa behewa la kwanza, funika paa la plastiki kwa karatasi ya shashi, ile nyembamba ya kufungia zawadi. Ilaze, uipitishie kiyeyusho kwa brashi pana, nayo itashikamana na plastiki ikiacha mikunjo midogo. Mkunjo mmoja au miwili iache. Ukingo ukatwe kwa wembe mpya ukiisha kukauka. Kwa behewa la pili acha paa laini, ongeza tu vipande vya milimita 0.25 kwenye maungio. La tatu lipe kiraka: mraba wa shashi wa milimita 8 upande mmoja, ukionyesha mahali palipovuja.

Uzito, na hewa ya ndani

Lenga gramu 25 kwa kila ekseli, yaani gramu 50 behewa zima. Chubwi za wavuvi ni rahisi kupata hapa pwani na zinafaa, ila zingatia jambo moja: usizishike kwa gundi nyeupe ya seremala. Risasi na gundi hiyo huingiliana polepole, zikavimba, na baada ya miaka michache behewa hupasuka kwa ndani. Tumia gundi ya fundi viatu au nati za chuma badala yake. Ukishika risasi, nawa mikono kabla ya kula.

Behewa lenye paa hufungwa pande zote, na mvuke wa kiyeyusho hubaki ndani ukiendelea kulainisha kuta. Behewa langu moja lilikuwa limenyooka siku nililolimaliza. Miezi minne baadaye mbavu zake zilikuwa zimeingia ndani. Kwa hiyo weka vijiti viwili vya kukingama ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, mmoja kila upande wa mlango, na utoboe tundu la milimita 3 kwenye sakafu. Subiri siku mbili kabla ya kuweka paa.

Rangi na maandishi

BR ilikuwa na kanuni rahisi kwa mabehewa haya: lenye breki za vakyumu lilipakwa rangi ya udongo mwekundu wa boksiti, lisilo nazo kijivu. Rangi basi ni tokeo la breki ulizoweka. Ukimaliza chini ndipo unapojua rangi ya juu.

Mabehewa yetu yote matatu ni ya boksiti, lakini yasipate boksiti moja. Changanya rangi ya msingi mara moja, uigawe vikombe vitatu. Cha kwanza kitie matone ya krimu na kijivu, hicho ni cha behewa lililopigwa jua miaka kumi na miwili. Cha pili kiache kilivyo. Cha tatu kitie hudhurungi kidogo. Ule ubao uliobadilishwa kwenye behewa la kwanza upake boksiti mbichi, au uuache na rangi ya mbao isiyopakwa, kijivu chenye umanjano kwa mbali.

Vibandiko vya maji vinahitaji uso unaong'aa. Pitisha vanishi ya kung'aa kwanza, loweka kibandiko kwenye maji ya uvuguvugu, kitelezeshe mahali pake, kausha kwa ncha ya kitambaa. Ukikibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa chini na kibandiko hung'aa kama fedha. Namba hukaa kushoto chini, uzito wa behewa tupu kulia. Behewa lililojengwa na BR namba yake huanza na B. Lililorithiwa lilipewa herufi ya kampuni yake, kama M kwa LMS au E kwa LNER.

Alama ya XP ilikuwa ruhusa ya kuingia kwenye treni za abiria za mwendo kasi. Ilidai breki za vakyumu na umbali wa angalau futi 10 kati ya ekseli. Ukiiona imebandikwa kwenye behewa la kijivu, umeona kosa.

Kwenye behewa la kwanza paka mraba mdogo wa rangi mbichi nyuma ya namba, kana kwamba mpakaji alifuta namba iliyofifia akaandika upya bila kugusa ubavu mzima. Nimeliona hilo kwenye picha nyingi, na hakuna badiliko la bei nafuu kuliko hilo.

Kwa vanishi ya mwisho isiyong'aa, sisi wa pwani tuchague siku. Wakati wa masika hewa ina maji mengi, na vanishi ya kopo la kupuliza huacha ukungu mweupe juu ya kazi ya wiki nzima. Mimi hungoja mchana mkavu wa kaskazi, au natumia vanishi ya maji kwa brashi.

Kuchakaza

Mbao hazishiki kutu. Nalisema hili kwa sababu naona mabehewa ya mbao yaliyopakwa rangi ya chungwa kuanzia paa hadi magurudumu. Kutu iende kwenye chuma: mikanda, bawaba, ncha za bati la migongo, chasisi. Sehemu za breki hupata vumbi la hudhurungi iliyokolea linalotoka kwenye viatu vya chuma, na paa hupata masizi ya injini za mvuke.

Tengeneza rangi nyepesi ya maji, nyeusi na hudhurungi, ipitishe ubavu mzima, kisha uifute kutoka juu kwenda chini kwa kitambaa chenye unyevu. Itabaki kwenye mifereo. Wafanyakazi wa mizigo waliandika kwa chaki ubavuni, mahali behewa linapokwenda au lililobeba nini; penseli nyeupe iliyochongwa vizuri inatosha, herufi mbili tatu zisizosomeka sana. Behewa la pili, lililotoka karakana, lipe vumbi la chini tu.

Kwa anayetaka kuigeuza njia hii kwenye reli za kwetu: reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ina upana wa mita moja, na katika skeli ya 1:87 hutumia reli ya mfano ya milimita 12. Viraka, paa la shashi na bomba la waya vinahamia huko bila shida. Chasisi ya Kiingereza isihame. Anza na picha za mabehewa yenyewe, au nenda na rula kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi.

Njiani

Funga viunganishi, uvute treni polepole kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo, kisha uisukume kinyumenyume. Kusukuma ndiko kunakofichua bafa zilizopinda. Behewa la kwanza na la pili usiyafuatanishe. Weka angalau mabehewa mawili ya aina nyingine kati yao, na ubavu wenye kiraka uutazamishe upande anaosimama mgeni. La tatu lisukume hadi kwenye banda la mizigo, mlango ukitazama jukwaa, uweke gunia moja nje.